Mjomba, mpwa na shamba lililoahidiwa mara mbili

Mwaka wa tatu chuoni, mwalimu wetu wa Kifaransa alitugawia fotokopi za kurasa nne. Wino ulikuwa umefifia upande wa kulia, kila mstari ukakosa herufi mbili tatu za mwisho. Akasema huo ni Wimbo wa Roland, utenzi wa kale wa Kifaransa uliotungwa karibu mwaka 1100, mistari elfu nne na mbili. Akatuambia tusome mstari wa 1015. Tukasoma. Roland anawapa moyo wenzake kabla ya mapigano: wapagani wana makosa, Wakristo wana haki.

Wapagani wenyewe ni Waislamu wa Hispania. Darasani tulikuwa kumi na mmoja, Waislamu saba. Mwenzangu wa Pemba alifunga daftari taratibu, akaanza kuangalia dirishani.

Tulivyoendelea mambo yakazidi. Waislamu wa utenzi huo wanaabudu sanamu, tena tatu: mojawapo imepewa jina la Mtume wetu, nyingine inaitwa Apollin, ya tatu Tervagant. Wakishindwa vita wanazigeukia sanamu zao, wanazitukana, wanazipiga kwa marungu na kuzitupa shimoni. Nilikasirika, halafu nikacheka peke yangu. Watu ambao hata picha msikitini hawaweki, leo wamekuwa waabudu sanamu! Fotokopi nikazitia kwenye bahasha, nikazisahau kwa miaka tisa.

Kilichonirudisha ni kesi ya shamba, nitaieleza. Kwanza niwalipe hao watunzi haki yao kidogo, maana baadaye niligundua kosa lao si geni kwetu.

Tukio lenyewe ni la kweli, ila dogo. Mwaka 778 Charlemagne, mfalme wa Wafranki, alivuka milima ya Pyrenees kuingia Hispania. Hakwenda kupigania dini. Alialikwa na Waislamu: mwaka mmoja kabla, Sulayman al-Arabi na wenzake waliokuwa wakimpinga Abd al-Rahman, mtawala wa Cordoba, walimfuata mpaka Paderborn, Ujerumani, kuomba msaada. Safari haikuzaa kitu. Mji wa Saragossa haukufungua milango. Wakati wa kurudi Charlemagne akabomoa kuta za Pamplona, mji wa Wabaski, ambao ni Wakristo. Tarehe 15 Agosti, kwenye njia nyembamba ya mlimani, Wabaski wakalivamia kundi la nyuma la jeshi lake, wakaua, wakapora mizigo, wakatawanyika gizani. Einhard, aliyeandika maisha ya mfalme huyo kwa Kilatini, anawataja wakubwa wachache waliokufa, mmoja wao Hruodland, mkuu wa mpaka wa Bretagne. Ndiye Roland. Historia imempa mstari mmoja.

Miaka mia tatu baadaye, ndani ya utenzi, Wabaski wametoweka, na mahali pao wamesimama Waislamu laki nne. Mfalme, ambaye mwaka ule alikuwa hajafika arobaini, sasa ana zaidi ya miaka mia mbili na ndevu nyeupe kama maua.

Sasa tuje kwetu. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 kwa kalamu ya Mwengo wa Athumani, unasimulia vita vikubwa kati ya jeshi la Mtume na Herekali, mfalme wa Rumi. Vichwa vinaruka, vumbi linafunika jua. Ukifungua sira utakuta safari ya Tabuki ya mwaka 630 ilikwisha bila mapambano makubwa. Jeshi lilifika, likakaa siku kadhaa, likarudi Madina. Mtunzi wa Pate na mtunzi wa Roland walifanya kazi ileile, kila mmoja akiwa ng'ambo yake ya bahari na ya dini: walichukua safari isiyo na ushindi wa kujivunia wakaijaza farasi, panga na malaika. Baada ya kuliona hilo sikuwa tena na uso wa kumnunia yule Mfaransa.

Hata ala zinafanana. Pembe ya Roland inaitwa Olifant, maana yake tembo, kwa sababu ni pembe ya ndovu iliyochongwa. Mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu hapo: ni siwa. Aliyewahi kuiona siwa ya pembe ya Pate anajua kwamba kitu kile hakipulizwi kwa mzaha, na anayekipuliza anatangaza yeye ni nani na ukoo wake ni upi.

Na kisa chote cha Roland kinazunguka siwa hiyo. Olivier, rafiki yake, amepanda kilimani akaona jeshi la adui. Anamwambia mara tatu: puliza, mfalme atasikia, atarudi. Mara tatu Roland anakataa. Mtunzi anazipanga beti tatu mfululizo zenye maneno karibu yaleyale huku vokali ya mwisho ikibadilika, kama mtu anayegonga mlango uleule kwa mikono tofauti. Sababu anayoitoa Roland wengi huiruka: anasema Mungu apishe mbali, ndugu zake wasije wakalaumiwa kwa ajili yake. Anawafikiria jamaa zake, watakaoambiwa mwenzenu aliogopa.

Baadaye, watu wameshakwisha, ndipo anataka kupuliza. Sasa anayekataa ni Olivier, kwa uchungu wa shemeji, kwa kuwa Roland amemchumbia dada yake Aude. Anamwambia: nikijaaliwa kumwona tena dada yangu, wewe hutalala mikononi mwake. Wanaume wawili wamezungukwa na maiti, na mmoja anavunja uchumba! Roland anapuliza hata hivyo, mpaka mshipa wa panda la uso unapasuka. Charlemagne anamsikia akiwa mbali, mwendo wa ligi thelathini, kipimo cha kale cha umbali.

Charlemagne ni mjomba wake. Nasisitiza neno hilo kwa sababu Kiswahili kinaliona jambo hili vizuri kuliko lugha nyingi nilizosomea tafsiri. Hakuwa baba mdogo wala ami. Roland ni mtoto wa dada wa mfalme, yaani mpwa. Neno la Kifaransa lenyewe, oncle, linatokana na neno la Kilatini lililokuwa na maana ya kaka wa mama tu. Tenzi hizi zimejaa wajomba na wapwa. Baba wengi wamekufa, wamezeeka au hawatajwi. Mjomba ndiye anayempa kijana upanga, ndiye anayemlilia, na mara nyingine ndiye anayemdhulumu.

Na msaliti? Ganelon, baba yake wa kambo. Ugomvi unaanzia barazani, mbele ya mfalme: nani apelekwe ubalozi kwa mfalme Marsile wa Saragossa, kazi ambayo mabalozi waliotangulia walikatwa vichwa? Roland anasema, "Baba yangu wa kambo." Ganelon anageuka rangi, anamtishia hadharani, Roland anacheka. Mfalme anamkabidhi Ganelon glavu ya ubalozi, glavu inaanguka chini. Kabla Mwislamu yeyote hajanyanyua mkuki, vita vimeshaanza ndani ya nyumba moja, kati ya mume wa mama na mtoto aliyemkuta. Kikulacho ki nguoni mwako.

Usaliti ukishajulikana, mfalme anamkabidhi Ganelon kwa wapishi wa jeshi. Wanamng'oa ndevu, kila mmoja anampiga ngumi nne, wanamfunga mnyororo shingoni kama dubu. Lakini kesi yenyewe, iliyofanyika Aix, si nyepesi. Ganelon anakiri kwamba alitaka Roland afe, ila anakataa neno usaliti: nilimtishia mbele yenu wote, mkasikia, kwa hiyo ni kisasi changu na yeye, mfalme hamo. Na wazee wa baraza wanaelekea kumkubalia! Wanamwambia mfalme amsamehe. Roland amekufa, harudi. Kijana mmoja tu, Thierry, mwembamba wa mwili, anasimama na kusema hapana: Roland alikuwa kazini kwa mfalme, aliyemdhuru amevunja kiapo. Anapigana na Pinabel, jamaa wa Ganelon, na kumshinda. Ganelon anachanwa na farasi wanne. Ndugu zake thelathini waliojitoa kumdhamini wananyongwa.

Thelathini, kwa kosa la kuwa wadhamini wa ndugu. Mtu akinialika kumdhamini mkopo siku hizi huwa nawakumbuka.

Aude anafika kuuliza habari za mchumba wake. Mfalme anamwambia atampa mwanawe Louis badala yake. Aude anasema maneno hayo ni mageni kwake, anaanguka miguuni pake, amekufa. Mistari kama thelathini tu, basi. Aude hapewi nafasi zaidi ya hapo. Watunzi wengine walifanya vizuri zaidi.

Zimebaki karibu mia moja za tenzi hizi. Wafaransa huziita chansons de geste, nyimbo za matendo, lakini neno geste lilikuja pia kuwa na maana ya ukoo, hivi kwamba mtunzi mmoja, Bertrand wa Bar-sur-Aube, karibu mwaka 1180 alizigawa hadithi zote katika koo tatu: ukoo wa wafalme wa Ufaransa, ukoo wa Garin de Monglane wenye watu waaminifu, na ukoo wa Doon de Mayence wenye jeuri na usaliti. Mtu na matendo yake na damu yake vilikaa kwenye neno moja.

Hazikuwa za kusomwa kimya. Mwimbaji alisimama na vielle yake, chombo cha nyuzi cha kupigwa kwa upinde, akaimba mistari ya silabi kumi na pumziko dogo baada ya ya nne. Ubeti hauna idadi ya mistari. Unakwenda na vokali moja mwishoni hadi habari ibadilike. Sisi tuliozoea vipande vinne vya mizani nane, na kina cha bahari kinachofunga kila ubeti toka mwanzo hadi tamati, tunaweza kuona huo ni uhuru wa kupita kiasi. Katika Huon de Bordeaux, wa karne ya 13, kuna mahali mwimbaji anasimama katikati ya kisa: jua linazama, nimechoka, nina kiu, rudini kesho baada ya chakula, na kila mmoja aje na sarafu ameifunga kwenye pindo la shati. Halafu analalamika kwamba sarafu za Poitou ni ndogo mno, aliyezitengeneza alikuwa bahili. Nilipofika hapo nilimkumbuka bibi yangu na fundo la pindo la kanga yake, lilivyokuwa gumu kufunguka.

Sasa shamba.

Babu mzaa mama aliacha shamba la minazi kando ya Pangani, na wadogo wote wakalikabidhi kwa mjomba mkubwa alisimamie. Mjomba si mtu mbaya. Ana udhaifu mmoja, hawezi kumwambia mtu hapana akiwa amekaa mbele yake. Upande wa juu, wenye kisima, alimwahidi mama. Mwaka uliofuata binamu yetu mmoja alitoka mjini na shida zake, akakaa sebuleni kwa mjomba siku nne, akaondoka na karatasi yenye saini ya upande huohuo wa juu. Mama alipouliza akaambiwa asijali, atapewa sehemu nyingine itakayopatikana. Itapatikana wapi, na minazi yote inajulikana mti kwa mti?

Tukafikishana kwenye baraza la ardhi. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la nje akisubiri faili linalotafutwa anajua saa zilivyo ndefu. Nilikuwa na simu, na kwenye simu nilikuwa nimepakua Raoul de Cambrai kwa Kifaransa cha leo. Kurasa za mwanzo tu nikamgusa mama begani: "Mama, kumbe sisi si wa kwanza."

Raoul ni utenzi wa mwisho wa karne ya 12. Anazaliwa baba yake ameshakufa. Mfalme Louis, kaka wa mama yake Aalais, yaani mjomba wake, analichukua eneo la Cambrai, urithi wa yatima, na kumzawadia Gibouin wa Le Mans. Kijana anakua, anakuwa hodari, anadai. Mfalme hawezi kumnyang'anya Gibouin alichompa. Anamwambia Raoul: kabaila yeyote atakayekufa kati ya mto Loire na mto Rhine, eneo lake ni lako. Anaweka na dhamana, watu arobaini. Ahadi ni deni, na mfalme anakusudia kulilipa deni hilo kwa mali ya mtu ambaye bado hajafa.

Mwaka unapita. Anakufa Herbert wa Vermandois, ameacha watoto wanne wa kiume, wakubwa, wenye silaha. Raoul anakwenda kwa mjomba: nipe changu. Mfalme anasitasita, kisha anatoa ruhusa ya ajabu, kwamba ardhi ni yako lakini kuitwaa utaitwaa mwenyewe, mimi sitakupa hata mtu mmoja. Mama wa Raoul anamsihi asiende. Herbert alikuwa rafiki wa baba yako. Mtoto anamjibu kwamba mahali pa mwanamke ni chumbani, ale, anywe, asiingilie vita. Aalais anamlaani, Mungu asimrudishe salama. Kisha anajutia ulimi wake, anakimbilia kanisani. Limeshatoka.

Naye kijana anayembebea Raoul silaha, aliyelelewa naye nyumba moja, ni Bernier. Baba yake Bernier ni Ybert, mmoja wa wale wana wanne. Mama yake, Marsent, hakuolewa na Ybert. Aliachwa, akaingia utawa, sasa ni mkuu wa nyumba ya watawa ya Origny. Na Origny ndiyo ya kwanza njiani.

Raoul anaamuru hema lake lisimikwe katikati ya kanisa, mwewe wake watue juu ya misalaba ya dhahabu. Watu wake wenyewe wanagoma. Marsent anatoka na watawa wake, vitabu vya Zaburi mkononi, anamwomba, na Raoul analegea, anawapa amani. Usiku huo mama na mtoto wanakutana. Mama anamuuliza, mbona unamsaidia mtu huyu kuinyang'anya ardhi ya baba yako? Bernier anasema: bwana wangu ni mwovu kuliko Yuda, lakini ni bwana wangu. Ananipa farasi, ananipa nguo. Sitamwacha mpaka watu wote waseme, "Bernier, una haki." Na mama anamjibu: mtumikie bwana wako, utampata Mungu.

Siku moja baadaye mapatano yanavunjika kwa sababu ya kipuuzi. Watu watatu wa Raoul wanaingia mjini kupora, wenyeji wanawaua wawili. Raoul anaamuru mji uchomwe. Kanisa linaungua, watawa mia moja ndani. Bernier anafika na kumkuta mama yake amelala chali, kitabu cha Zaburi kinawaka juu ya kifua chake.

Nilizima simu. Mama akaniuliza, faili limepatikana? Nikasema bado.

Hapo mtunzi anafanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama ni la kuchekesha au la kutisha. Raoul anarudi kambini ana njaa, anaagiza tausi wa kuchoma. Mtumishi wake anajipiga msalaba: bwana, leo ni Ijumaa Kuu! Raoul anashtuka. Ee, nilisahau kabisa Kwaresima. Nyama anaiacha, anaomba sataranji. Kwa watawa hakushtuka, kwa nyama ameshtuka.

Ugomvi kati yake na Bernier unaanza kwa maneno, unaishia Raoul kuokota kipande cha mpini wa mkuki na kumpasua Bernier kichwa. Damu inatiririka mpaka kifuani. Papo hapo Raoul anajuta, anatoa fidia ambayo sijaona mfano wake: atatembea kwa miguu toka Origny mpaka Nesle na mashujaa mia moja, kila mmoja amejitwika tandiko la farasi kichwani, yeye mwenyewe amejitwika la Bernier, na kila atakayekutana naye atamwambia, hili ni tandiko la Bernier. Watu wote wanasema fidia hiyo inatosha. Bernier anakataa. Anasema hatapatana naye mpaka damu hii iliyo kifuani irudi yenyewe kichwani.

Mama yangu nilipomhadithia hapo alisema tu, "Angekubali lile tandiko." Kisha, baada ya kimya: "Mimi ningekubali."

Bernier anamuua Raoul vitani, analia. Mpwa wa Raoul anarithi kisasi, vita vinaendelea. Msingi wa kweli upo hapa pia, mfupi kama ule wa Roland: Flodoard, padri wa Reims, aliandika kwamba mwaka 943 mtu aitwaye Raoul, mwana wa Raoul de Gouy, aliivamia ardhi ya wana wa Herbert akauawa, na mfalme Louis akahuzunika sana. Huzuni ya mfalme imo kwenye kumbukumbu. Ahadi yake haimo.

Wengine hupenda zaidi wale ndugu wanne, wana wa Aymon, waliopanda farasi mmoja, Bayard, na baba yao akalazimika kuwapiga vita kwa sababu ya kiapo chake kwa Charlemagne. Ni kisa kizuri. Huko Dendermonde, Ubelgiji, bado wanamtembeza farasi huyo mtaani kila baada ya miaka kumi hivi, mara ya mwisho ilikuwa 2022, na wapanda farasi lazima wawe ndugu wanne wa kiume waliofuatana bila dada kati yao. Lakini mimi ni mtu wa Raoul.

Kesi yetu ilimalizwa nje ya baraza. Mama alichukua upande wa chini, usio na kisima, na binamu alikubali tuchote maji. Idi iliyopita alileta mbuzi. Walikula pamoja, wakaongea habari za mvua.

Katika utenzi nao walipatanishwa. Bernier akamwoa binti wa Guerri, ami yake Raoul, wakazaa watoto. Miaka ikapita. Mkwe na baba mkwe wakaenda hija Santiago pamoja, wakarudi salama, wakipanda farasi ubavu kwa ubavu mpaka karibu na Origny. Bernier akashusha pumzi ndefu. Guerri akamuuliza kuna nini. Bernier hakutaka kusema. Akabembelezwa, akasema: hapa ndipo nilipomuua Raoul. Guerri akanyamaza. Wakaendelea na safari mpaka mahali pa kunyweshea farasi, giza likiingia, na huko Guerri akakifungua polepole kikuku cha chuma cha tandiko lake, kile cha kutilia mguu, akampiga nacho kichwani.